Panya Wanane wa Chumba cha Pili

Mtaani kwetu wifi yangu anaitwa Mama Panya, na anayedhani jina hilo linamuudhi basi hajamjua. Ukimwita hivyo anageuka, anakutazama kuanzia nywele hadi kidole gumba cha mguu, halafu anakuuliza, "Na wewe nikupime?" Aliyekuwa anacheka anaacha kucheka, maana hajui ametaniwa au ametukanwa.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Kazi yake ni kutunza wanyama wa utafiti kwenye taasisi inayojaribu dawa, na mimi kazi yangu ni kuosha vizimba vya wanyama hao hao. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengi nimeyaona mwenyewe, brashi mkononi. Machache amenisimulia jikoni, na wifi yangu akisimulia haongezi chumvi, anaongeza pilipili.

Watu hawaielewi kazi yake. Wao wanatega panya. Yeye anaondoka nyumbani kungali giza kwenda kuangalia kama panya wameamka salama. Fundi viatu wa pale kona alimshika siku moja.

"Lakini mama, nyumbani kwako si una mtego chini ya kabati?"

"Ninao."

"Sasa?"

"Wa nyumbani ni mwizi. Kaja mwenyewe, kaingia kwenye unga wangu bila hodi. Wa kazini kaletwa, kafungiwa, hakuomba. Ukishamfungia mwenzio mlango, njaa yake ni yako na maumivu yake ni yako. Umemaliza kisigino?"

Fundi akampa kiatu chake.

Shule aliishia darasa la saba, kama mimi. Mume alimpata, akampoteza. Bwana yule aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na nadhani maisha yalimwona anakuja yakajificha, kwa sababu mpaka leo hajayapata wala hajarudi. Wifi hakulia sana. Alikuwa na kazi nyingine ya kufanya: mama yao alikuwa amepooza upande mmoja, na ulimi umefunga.

Miaka sita alimuuguza mama asiyesema. Ndugu wengine, mume wangu akiwa wa kwanza wao, waliingia chumbani kwa kishindo, "Mama, hujambo?", wakamwona mama katuliza uso vizuri, wakatoka wakisema hajambo leo. Wifi hakufanya hivyo. Alivua viatu koridoni, akasimama mlangoni akamtazama mama kabla mama hajajua kuna mtu. Alikuwa amegundua kwamba mama yao ana kiburi: akisikia nyayo tu anaficha maumivu, ananyoosha uso kama shuka lililopigwa pasi. Ukitaka kumjua, umwone akiwa peke yake. Hivyo ndivyo alivyojua siku za vidonda vya mgongoni, na siku za tumbo, na siku ambazo mama alikuwa na hasira tu, maana hizo nazo zilikuwepo, na kijiko kiling'atwa.

Mama alipofariki, wifi akapata kibarua cha kufagia katika banda la wanyama la ile taasisi. Tunaita banda, lakini ni jengo la matofali lenye vyumba vinne, vigae chini, feni za kuvuta hewa zisizonyamaza, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Wakati huo msimamizi alikuwa daktari wa mifugo, mzee mwenye miwani ya kamba. Asubuhi moja mzee akamkuta yule mfagiaji wake mpya amesimama miguu mitupu nje ya chumba cha panya, ufagio kwapani, anachungulia kwenye kioo cha mlango.

"Unafanya nini hapo, mama?"

"Nawatazama kabla hawajanitazama."

"Ili iweje?"

"Yule wa juu, wa tatu kutoka dirishani. Nikiingia atajikaza. Sasa hivi hajui nipo. Mtazame."

Mzee akatazama. Kwa hesabu ya wifi alisimama pale dakika tano nzima. Kisha akachukua ule ufagio, akauegemeza ukutani, na wifi hakuushika tena.

Yule mzee ndiye aliyemfundisha kazi ya mkono. Panya unamshika hivi: kiganja chini ya kifua, kidole gumba na cha shahada vinapita kwenye uti wa mgongo, vinashuka mpaka nyonga, pale mkia unapoanzia. Unapita taratibu kama unatafuta uzi kwenye kitambaa. Mifupa ikiwa imezama kwenye mnofu, lakini ukibonyeza kidogo unaihisi, huyo ni tatu, mzima. Ukikuta mgongo una meno kama kitana, huyo ni mbili. Ukikuta mifupa mitupu na ngozi, ni moja. Nne na tano ni wenye kitambi, na hao hawana shida ila uvivu. Mzee alichora safu yake kwenye fomu ya kila siku, akaiandika Mkono. Kwa miaka mingi fomu ilikwenda hivyo: uzito, chakula, maji, mkono, na chini kabisa sahihi ya mtunzaji.

Hiyo sahihi nayo ina uzito wake, tena bila hiyo huwezi kuelewa yaliyofuata. Sheria ya banda ni kwamba asubuhi hakuna anayegusa mnyama kabla mtunzaji hajamaliza kukagua na kutia sahihi kwenye fomu inayoning'inia mlangoni. Awe profesa, awe nani. Bila sahihi, sindano haiingii chumbani.

Mzee akastaafu. Akaja msimamizi mwingine, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Wiki ya kwanza alileta fomu mpya kutoka kwenye kompyuta. Nzuri, ina mistari imenyooka. Safu ya mkono haipo. Mahali pake pamewekwa kijisanduku kimeandikwa Hali, uandike kawaida au si kawaida.

Wifi akaenda kuuliza.

"Mama," akasema msimamizi, "mkono hauna gramu. Wakaguzi wanataka namba."

"Mbili ni namba. Tatu ni namba."

"Namba za mizani, mama."

Wifi akarudi. Hakubishana. Akanunua daftari la shule, lile la mistari, akaendelea kuandika namba za mkono humo, kila panya, kila siku, kwa mwandiko wake mkubwa unaoegemea nyuma kama mtu anayevutwa shati. Nilimwambia anajichosha. Akanijibu, "Wewe osha vizimba."

Sasa tufike kwenye chumba cha pili.

Chumba cha pili walikuwemo panya weupe thelathini na sita wa mtafiti mmoja, daktari mwenye mkoba wa ngozi na tai kila siku ya Mungu, hata siku ya joto la kuyeyusha sabuni. Alikuwa anajaribu dawa fulani ya ini. Panya wapewe dawa siku ishirini na nane, siku ya mwisho wachukuliwe damu na ini, aandike kitabu chake, awe mkubwa zaidi ya alivyokuwa. Sina ubaya na hilo. Dawa ninazomeza mimi zilipitia kwa mnyama fulani, na wifi husema vivyo hivyo. Lakini kibali cha utafiti kilikuwa kimebandikwa mlangoni, na kwenye kibali kuna mstari: panya akipungua uzito kwa sehemu moja ya tano, asiachwe ateseke, alazwe siku hiyo hiyo. Kulazwa kwetu ni kupewa dawa ya usingizi asiamke.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, nikiwa nasukuma toroli la vizimba safi, nikamkuta wifi amesimama kwenye kioo cha chumba cha pili muda mrefu kuliko kawaida. Miguu mitupu kama kawaida yake.

"Kuna nini?"

"Njoo. Usikanyage kwa nguvu."

Nikachungulia. Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi niliona. Wenzao walikuwa wanazunguka, wanapanda kwenye chupa za maji, wanapigana kwa upuuzi. Wanane, kwenye vizimba viwili vya mwisho, walikuwa wamejikunyata pembeni, migongo imepinda, manyoya yamesimama. Na kwenye macho yao kulikuwa na wekundu umeganda, kama mtu aliyepaka wanja wa rangi isiyo yake. Ule wekundu si damu. Ni machozi. Panya akizidiwa machozi yake hutoka mekundu, na kwa sababu hana nguvu ya kujipangusa, yanakauka hapo.

Wifi akaingia, akamshika mmoja mmoja. Alipotoka uso wake ulikuwa umefunga.

"Matumbo yamejaa kama mpira, na migongo ni kitana. Wanne ni mbili. Wanne ni moja."

"Na mizani?"

"Mizani inasema wamenenepa."

Hapo ndipo kilipokuwa kisa chote. Uzito haujapungua, umeongezeka gramu chache, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi ya mlangoni wale panya walikuwa wazima kuliko mimi.

Saa mbili na nusu mtafiti akaja na trei yake ya sindano, fundi wake wa maabara nyuma yake. Akatazama fomu mlangoni. Sahihi hakuna. Kwenye kijisanduku cha Hali, mbele ya namba za wale wanane, wifi alikuwa ameandika: WANAUMWA.

"Mama, hujasaini."

"Sijasaini, dokta. Hawa wanane wanatakiwa kulazwa leo."

Mtafiti akasoma safu ya uzito kwa kidole. "Huyu alianza na gramu mia tatu na kumi. Leo mia tatu kumi na nane. Amepungua wapi?"

"Mgongoni."

"Mama, mgongo hauna mizani yake peke yake."

"Ndiyo maana Mungu akanipa vidole. Mshike uone."

Hakumshika. Alirudi nyuma nusu hatua, akarekebisha tai. Akaenda kumwita msimamizi.

Walirudi wawili. Mimi nikajifanya nasugua mlango wa chumba cha tatu, ambao ulikuwa safi tangu jana.

"Mama, andika kawaida, saini, watu wafanye kazi," msimamizi akasema. Sauti ya upole, ile ya mtu anayemwomba mtoto ashuke mezani.

"Nani amesema ni kawaida?"

"Mizani imesema."

"Basi mizani isaini."

Nilicheka. Nilijitahidi nikohoe, lakini kicheko kilishatoka. Msimamizi akanitazama, nikaongeza sabuni.

"Mama, zimebaki siku kumi na moja tu. Dokta akipoteza panya wanane sasa, kundi lake halitoshi. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa. Na wewe unaelewa maana ya kukaa siku kumi na moja na tumbo hilo? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, bosi. Wewe uko nje ya kaburi na kalamu."

Upole ukaisha. "Mkataba wako unakwisha Ijumaa."

"Najua. Niliusoma."

"Na anayeupeleka kusainiwa ni mimi."

"Hilo nalo najua."

Wifi akageuza ndoo yangu, ndoo nzuri, akaikalia mbele ya mlango wa chumba cha pili, kalamu akaichomeka kifuani ndani ya gauni la kazi, mahali ambapo hakuna mwanamume mwenye akili angeifuata. Mtafiti akasimama na trei. Sindano zilikuwa zimejazwa, zinamngoja. Baada ya robo saa akaondoka nazo.

Mchana nikamwambia, "Wifi, nyuma ya makoti kuna tangazo." Mimi ndiye ninayeosha zile kuta, ndiyo maana najua. Nyuma ya misumari ya kutundikia makoti, limefunikwa miaka yote na makoti meupe ya wakubwa, kuna tangazo la kamati ya ustawi wa wanyama: mfanyakazi yeyote akiona mnyama anateseka, apige namba hii. Yeyote. Halikusema mwenye shahada.

Tukatoa makoti. Wifi akapiga simu ya mezani, ya pale pale ofisini, msimamizi akiwa amekaa mbele yake anakula chungwa.

"Mimi ni mtunzaji wa chumba cha pili," akasema kwenye simu. "Nina panya wanane wanaoumwa na watu wawili wasioamini. Mje mwamue."

Chungwa likabaki mkononi.

Jioni mume wangu alikuwa ameshasikia. Taasisi ina kuta nene na midomo myembamba. Akaja kwa dada yake, mimi nikiwa nyuma yake.

"Dada, saini tu. Wino hauumi."

"Haukuumi wewe."

"Ni panya, dada! Panya! Unaacha kazi ya miaka kumi na tisa kwa ajili ya panya wanane? Watu watacheka mpaka waanguke."

"Waanguke, tutawaokota."

"Mimi nasema kwa ajili yako."

Wifi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Wewe ulikuwa unaingia kwa mama, unasema hajambo leo, unatoka. Kila siku hajambo leo. Mpaka siku ya kumzika ulikuwa unashangaa."

Mume wangu ni mtu mwema, na neno lile lilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akakaa kwenye mkeka. Baadaye akauliza, polepole, "Wanalia?"

"Panya halii akiumwa. Angelia, kazi yangu angeifanya mtu yeyote."

Kamati haikuja siku ile wala siku ya pili asubuhi. Siku mbili wifi alikaa kwenye ndoo. Vyumba vingine vyote alikagua na kusaini kwa wakati, ili mtu asije akasema amegoma. Wale wanane dawa ya maumivu hakuruhusiwa kuwapa, lakini chakula kilikuwa ndani ya kazi yake, basi akaloweka vile vidonge vigumu vya chakula viwe uji mzito, akawawekea kwenye sahani chini, wasilazimike kupanda. Akawaongezea maranda wajifukie. Akawapangusa macho kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, mmoja mmoja.

Mtafiti akipita alisema kwa sauti, kama anaongea na ukuta, "Siku zangu mbili zimepotea." Wifi naye akauambia ukuta, "Na wao zao wanazihesabu vilevile."

Nisiseme uongo, aliogopa. Siku ya pili mchana nilimkuta chooni anaosha uso. "Na kama mkono wangu umekosea?" akaniuliza. Nikampa taulo. Akajifuta, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Haujakosea," akarudi kwenye ndoo.

Alasiri daktari wa kamati akafika. Mwanamke mfupi, makamo yetu, begi la plastiki, viatu vya mpira. Hakuuliza nani ni nani. Alivaa glovu, akauliza, "Mtunzaji ni yupi?"

"Ni mimi."

"Nieleze, dada."

Msimamizi akaanza, "Daktari, kwa kifupi ni kwamba..."

"Nimemuuliza mtunzaji."

Wifi akaeleza. Hakupamba. Akatoa lile daftari la shule, akaonyesha: siku ya kwanza wote tatu. Siku ya tisa, wale wa vizimba vya mwisho wanaanza kushuka. Siku ya kumi na nne, mbili. Kila siku, kila panya. Daktari akageuza kurasa, akalamba kidole, akageuza tena.

"Hizi namba kwa nini hazipo kwenye fomu?"

Mtafiti akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama feni.

"Mkono hauna gramu," wifi akasema. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Daktari akaingia chumbani, nasi nyuma yake. Akamshika wa kwanza, vidole vikapita mgongoni. Akamshika wa pili. Kisha akamgeukia mtafiti.

"Dokta, wewe umewashika?"

"Fundi wangu ndiye anayewachoma. Mimi nasimamia na kupima."

"Unapimaje?"

"Tunamweka kwenye bakuli, bakuli kwenye mizani."

"Nimekuuliza kama umewashika."

Tai ikapanda na kushuka. "Kwa kweli... tangu utotoni mimi na panya..."

Mungu anisamehe. Miezi mingapi mtu yule alikuwa anaandika habari za panya, na anawaogopa kama mama mkwe! Anajua ini lao, anajua damu yao, mgongo hajawahi kuugusa. Nilitazama vigae nisije nikacheka. Wifi hakucheka. Alimchukua yule panya wa gramu mia tatu kumi na nane, akamweka kwenye kiganja chake mwenyewe, akamsogelea mtafiti.

"Lete mkono. Hang'ati. Hana nguvu ya kung'ata."

Akaleta mkono. Wifi akakishika kidole chake kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika, akakipitisha kwenye uti wa mgongo, taratibu, hadi nyonga. Nilimwona mtafiti anabadilika uso. Akakipitisha tena mwenyewe, bila kushikwa.

Daktari akasema, "Huyu hatarudi. Namlaza sasa, halafu tutajua." Akamchoma sindano ya usingizi, na wifi akamshikilia mpaka akalegea kabisa. Moyo uliposimama, daktari akavuta maji ya tumboni kwa bomba kubwa la sindano, akayamimina kwenye kikombe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji ya manjano. Akakiweka kikombe kwenye ile ile mizani isiyosema uongo. Ukitoa kikombe, maji peke yake yalikuwa gramu sabini na nane.

Akachukua kalamu, akaandika pembezoni mwa fomu: mia tatu kumi na nane, toa sabini na nane. Mia mbili arobaini.

"Alianza mia tatu na kumi," akasema. "Sehemu moja ya tano ni gramu sitini na mbili. Huyu amepoteza sabini. Mmekuwa mnapima maji, mabwana. Panya mwenyewe aliondoka zamani."

Msimamizi akarudi kutazama feni.

Saba waliobaki wakalazwa jioni ile ile, kila mmoja mkononi mwa wifi. Wale ishirini na wanane wengine daktari akaamua dozi ipunguzwe, wakaguliwe kwa mkono kila siku, na utafiti uendelee kama unaweza. Mtafiti alikubali yote kwa kichwa.

Niliporudi mtaani fundi viatu alikuwa ameshapata habari zake nusu nusu. "Kwa hiyo Mama Panya amepigana siku mbili ili panya wauawe? Huo ni ushindi gani?"

Wifi alikuwa nyuma yangu. "Kufa ni mara moja, fundi. Hao walikuwa wanakufa kila asubuhi. Nilipigania wafe mara moja." Akapita.

Ijumaa ikafika. Msimamizi akamwita, na mimi nikaenda naye, nikiwa na ndoo ili nisiulizwe. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza mkataba: si wa miaka miwili kama siku zote, wa miezi mitatu. Ya pili barua ya onyo, imeshachapwa, inasema mtunzaji amekaidi maagizo halali ya msimamizi na anakiri kosa. Chini kuna mstari wa sahihi.

"Kamati imesema ya kwake," akasema msimamizi. "Lakini nidhamu ni nidhamu."

Wifi akasoma barua yote, kidole chini ya kila mstari, midomo ikitembea. Hakuharakishwa. Akatia sahihi kwenye mkataba. Kisha akavuta ile barua ya onyo, na juu ya mstari wa sahihi akaandika kwa ule mwandiko wake wa kuvutwa shati: Sikukataa kazi. Nilikataa kuandika uongo. Akasaini chini ya maneno yake.

"Umeharibu karatasi, mama!"

"Chapa nyingine."

Akachapa nyingine. Wifi akaandika maneno yale yale, akasaini. Akachapa ya tatu, mashine ikikoroma kama mzee mwenye mafua. Wifi akaandika tena, herufi kwa herufi. Wakatazamana. Msimamizi akaichukua ile ya tatu na maneno yake, akaisukuma ndani ya faili, akalifunga.

"Miezi mitatu inapita haraka," akasema.

"Siku tisini," wifi akasema. "Niondoke? Ni saa mbili kasoro na chumba cha pili hakijatazamwa."

Kama atapewa mkataba mwingine ukiisha huo, sijui, naye hajui. Msimamizi hamsalimii, naye wifi anamsalimia kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka lango kuu.

Tulipofika chumba cha pili, mtafiti alikuwa mlangoni na trei yake. Wifi akavua viatu, akasimama kwenye kioo.

"Naweza kuingia?" mtafiti akauliza.

"Ngoja. Bado sijamaliza."

Akasogea pembeni, akaangalia huku na huku pa kukaa. Ndoo ilikuwa moja tu, na ilikuwa mkononi mwangu, nikaigeuza nikaikalia.